Mshahara wa Mpishi wa Timu

Nilikuwa mpishi wa timu ya mpira Songea kwa miaka kumi, na mpira wenyewe siujui. Hata leo ukiniuliza kuotea ni nini nitakutazama tu. Nilichokijua mimi ni matumbo ya wachezaji kumi na wanane: nani hali maharage, nani akila dagaa anawashwa mwili mzima, nani akipewa ugali mdogo ananuna mpaka jioni kama amefiwa. Timu ilikuwa mali ya shirika moja la umma lililokuwa likinunua tumbaku mkoani kwetu, na kambi yake ilikuwa nyumba kubwa ya zamani upande wa Matogoro, yenye jiko la nje na mkaratusi uliokuwa ukiniangushia majani kwenye sufuria kila upepo ukivuma.

Nilifika mjini nikitokea Nakapanya baada ya kufiwa na mume, nikiwa na binti wa miaka sita na mabunda mawili ya nguo. Kaka yangu hakutaka niondoke. Kwake yeye mwanamke mjane mahali pake ni nyumbani kwa kaka, asubiri mume mwingine, na kama hapati, basi atunze watoto wa wifi. Nikamwambia nitarudi nikishindwa. Nilisema hivyo kwa kiburi, na tangu siku ile kila mwisho wa mwezi nilipopokea mshahara wangu nilimkumbuka kaka na kusema kimoyomoyo, bado sijashindwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ambayo nilizoea kuyaona na rafu tupu, na mwenye duka amekaa anafukuza nzi, yalijaa sabuni za kila rangi na redio kutoka nchi nisizozijua. Mitumba ilimwagwa chini sokoni na wanawake tukainama mpaka viuno vikauma. Mahindi ambayo zamani yaliuzwa kwa ushirika tu, sasa mtu yeyote mwenye gunia na nauli alikwenda kununua shambani kwa mkulima. Nilifurahi kama wengine. Sikujua kwamba mkono uleule uliofungua maduka ndio ungefunga kambi yetu. Shirika lilianza kuandaliwa kuuzwa, na mtu anayeuza nyumba haendelei kuwalisha waliomo.

Barua ya shirika ilisomwa alasiri moja, katika chumba cha kulia chakula. Katibu wa timu, mtu mwembamba aliyevaa suti hata siku za joto, aliisoma amesimama. Mimi nilikuwa jikoni nachagua mchele, dirisha liko wazi, na sauti yake nilikuwa naisikia vizuri. Kwanza alieleza kwamba wachezaji wote walikuwa wameandikwa kama wafanyakazi wa shirika, huyu mlinzi, huyu karani, huyu fundi bomba, na sasa majina yao yamefutwa. Pili, shirika limetoa malipo ya mwisho, mshahara wa miezi mitatu kwa mkupuo mmoja, na baada ya hapo hakuna kitu. Tatu, ligi ilikuwa bado na mechi nne za ugenini, na hakuna hata senti moja ya safari. Timu isiyofika uwanjani inafutwa.

Nahodha ndiye aliyesimama. Alikuwa beki wa kati, mtu mzima kuliko wenzake, aliyeoa mapema na mwenye binti wa umri wa binti yangu. Hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Mimi yangu ya miezi mitatu naiacha iende kwenye safari. Anayetaka kuchukua yake achukue, ni haki yake, na hapa hakuna atakayemsema."

Niliacha mchele. Nilikwenda dirishani nikachungulia, maana nilitaka kuona nani atakuwa wa kwanza kuchukua. Wallahi nilikuwa na uhakika. Vijana wale niliwajua. Kulikuwa na winga mmoja aliyekuwa akificha mkate chini ya godoro. Sasa nikawaona, mmoja baada ya mwingine, wakisema naacha, naacha, na mimi naacha. Winga naye akasema naacha, huku machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

Nilikasirika. Nasema kweli, sikuvutiwa hata kidogo siku ile. Niliona ni ujinga mtupu wa wanaume na mpira wao. Nikaingia mle chumbani na mwiko mkononi, na ni lazima nilionekana kichekesho, maana wawili walianza kutabasamu kabla sijafungua mdomo.

"Na mimi?" niliuliza. "Ninyi mnaacha mishahara ili mkakimbize mpira Mbeya. Mimi sichezi namba yoyote. Mshahara wangu ukikatika, wiki ijayo niko juu ya lori narudi Nakapanya. Binti yangu amefaulu kwenda sekondari, na kaka yangu amekwisha kumtafutia mchumba, mtu mwenye wake wawili. Ataolewa kabla mahindi hayajakomaa. Haya, niambieni, na hilo mmelipigia kura?"

Nikasikia harufu ya maharage yanaungua, nikarudi jikoni mbio nikiwa natukana kwa Kiyao ili wasielewe. Kilichosemwa nyuma yangu sikukisikia.

Mwisho wa mwezi katibu alinijia na bahasha. Mshahara wangu wote, haujapungua hata shilingi. Nikamwuliza umetoka wapi wakati shirika limekufa. Akasema, "Ofisini, mama. Wewe uliandikwa kwenye fungu lingine." Nilisema Alhamdulillahi na sikuuliza tena. Mtu anayezama hamwulizi anayemvuta kama amevua viatu.

Baada ya hapo wachezaji wakaanza mambo ambayo sikuyaelewa. Siku ambazo hakukuwa na mechi, mara mbili kwa wiki, waliondoka alfajiri na lori la shirika ambalo lilikuwa halijapata mnunuzi. Walisema wanakwenda mazoezi ya pumzi milimani. Walirudi adhuhuri wamejaa udongo mpaka kwenye nyusi, wakala ugali ambao zamani uliwatosha siku nzima. Nilipiga kelele. Nikawaambia pumzi gani hiyo inayokaa tumboni. Golikipa, Mmatengo mmoja kutoka Mbinga, mkimya, mwenye mikono mikubwa kama sahani, alinijibu kwa upole, "Mlima ni mrefu, mama."

Siku ya kwanza kabisa walirudi wananuka pombe. Wote, hata yule kijana wa kwaya ya kanisani. Walikuwa wakicheka wenyewe kwa wenyewe na hawakuweza kunitazama. Nilisema moyoni, basi, wamekata tamaa, wameanza ulevi. Nikafunika sufuria, nikakaa juu ya kigoda mbele yake, nikawaambia sipikii walevi, wakale huko walikokunywa. Nahodha aliomba radhi, akaniita mama mara nyingi kuliko kawaida, na mwishowe nikawapakulia, lakini nyama niliificha. Nyama ile niliwapa kesho yake asubuhi, imekauka, na wakaila yote.

Kisha winga akaja kuniomba mafuta ya kupaka viganjani. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Nilimwuliza tangu lini mpira unachezwa kwa mikono, kwani amekuwa golikipa? Akasema wanapanda kamba. Nikampa mafuta. Mimi niliyejiona mjanja kuliko mji mzima, nilikubali habari ya kamba.

Mwezi wa kumi na mbili bei ya mahindi mjini ilipanda, na katibu akanipa fedha ya gunia mbili nikatafute kwa wakulima, kwa bei nafuu. Niliambiwa Maposeni kuna bibi mmoja mwenye ghala, ana mahindi ya mwaka uliopita bado. Nikapata lifti kwenye gari la mizigo lililokuwa likielekea Peramiho, nikashuka njiani, nikaulizia, nikaoneshwa njia ya miguu. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, njia inateleza, na nilitembea nimevua viatu.

Nyumba ya bibi ilikuwa juu kidogo, na shamba lake lilishuka kutoka uani mpaka kwenye kijito. Nilimkuta amekaa barazani anapepeta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na mvua."

Nilimweleza shida yangu, tukapatana bei, na alikuwa anainuka kwenda ghalani niliposikia kuimba. Niligeuka. Chini kule, kwenye mteremko, kulikuwa na watu wamepangana mstari mmoja kutoka ukingo huu wa shamba hadi ule. Majembe yalipanda pamoja, yakashuka pamoja. Nyuma yao matuta yalikuwa yamenyooka, meusi, mengi mno, na mbele yao lilikuwa bado pori la majani. Walikuwa wamevaa jezi za mazoezi, zile za bluu nilizozifua kwa mikono yangu mpaka zikapauka.

Niliwahesabu bila kupenda, kama ninavyohesabu sahani. Kumi na wanane. Golikipa alikuwa katikati, akilima kwa namna ya mtu aliyezaliwa na jembe, na kila mara alisimama kumrekebishia winga tuta lake. Winga aligomba, kisha akainama tena. Nahodha alikuwa mwisho wa mstari, upande wa kijito, palipo na udongo mzito kuliko kwingine kote.

"Unawatazama wale vijana?" bibi aliniuliza. Alikuwa amerudi na debe. "Wale ni wachezaji wa mjini. Mwaka huu wamelima hapa na kwa jirani zangu, na wamefika mpaka Mpitimbi."

"Wanalima nini, bibi? Wao si wachezaji?"

Akacheka. Akanieleza jinsi siku ya kwanza walivyokuja. Waliingia uani kwake wote pamoja, majembe begani, wanaimba, wakaomba shamba la kulima, na hawakutaja bei. Waliona aibu kumtajia bei mtu wa umri wa bibi zao. Walidhani atawalipa akiona kazi imekwisha. Na yeye alijua kwamba, kwa desturi ya huku, watu wakija kundi namna ile, kwa nyimbo, hawaji kibarua. Wamekuja kusaidia, kama ile ngokela, kulimiana kwa zamu, ya kwao golikipa, na mwenye shamba akiwalipa fedha atakuwa amewatukana. Kwa hiyo akachinja kuku watatu, akaomba pombe kwa jirani aliyekuwa na sherehe, akawalisha, akawanywesha, akawaombea kwa Mungu, akawaaga. Walikuwa wamelima eka nzima na wakaondoka bila hata senti.

"Na hawakusema kitu," bibi alisema. "Walikula, wakanywa, wakashukuru. Wiki iliyofuata akaja yule mkubwa wao peke yake, anaona haya mpaka anakuna kichwa, akaniambia bibi, tusamehe, sisi tunatafuta kibarua, tuna mtu wa kumlipa."

"Mtu gani?" niliuliza, na nadhani tayari nilikuwa najua.

"Mpishi wao. Shirika lilimkata siku moja na wao. Golikipa ndiye aliyewaambia wenzake, kama mama hapiki mimi sidaki, na wakakubaliana mshahara wake wautafute wenyewe. Kila mwezi wanalima mpaka utimie. Wao wenyewe hawachukui kitu." Akanitazama. "Sijui ana nini huyo mpishi. Lazima ni mpole sana."

Nilikaa chini. Nilikaa pale pale uani, kwenye udongo mbichi, na kitenge changu safi. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimeona mambo, nimehiji, nimesimama mahali ambapo watu wengi mno wamesimama kwa utulivu mmoja. Lakini kifua changu hakijawahi kujaa kama kilivyojaa pale Maposeni nikitazama migongo kumi na minane. Watu wale niliwafichia nyama. Niliwaita walevi, walafi, wajinga. Wakila tonge la pili niliwahesabia. Na kila tusi nililowatupia walikuwa wamelipokea na kuondoka nalo kwenda kunilimia.

Bibi aliuliza kama naumwa. Nikamwambia ni jua, na jua halikuwepo.

Sikushuka kule chini. Ningesema nini? Niliomba gunia zangu zikae hadi gari lipite, nikapita nyuma ya nyumba, nikakaa barabarani peke yangu nisionekane mpaka nikapata lifti. Walipofika kambini adhuhuri mimi nilikuwa nimetangulia, ugali umeiva, na niliwapakulia mpaka sufuria ikalia. Nahodha alinitazama kwa wasiwasi. "Mama, leo kuna nini?" Nikamwambia kula, acha maswali.

Bahasha ya mwezi ule ilipokuja, niliipokea. Naliandika hili kwa sababu watu wanapenda kusikia kwamba niliikataa. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaenda nyuma ya jiko, nikalia, kisha nikanunua sare mbili, viatu, madaftari, na iliyobaki nikaiweka kwa ajili ya ada. Binti yangu alikuwa anaanza kidato cha kwanza mwezi wa kwanza. Usipomfikisha mtoto na ada mkononi, nafasi yake wanampa mwingine. Akilini mwangu, mbele yangu walikuwa wamekaa kaka na yule mtu mwenye wake wawili, na nyuma yangu wanaume kumi na wanane wenye majembe. Nilichagua mwanangu, na ningechagua hivyo tena.

Mechi zote nne za ugenini walikwenda. Walilala madarasani, walikula viazi nilivyowachemshia na kuwafungia kwenye mifuko ya sandarusi. Walifungwa mbili, wakatoka sare moja, wakashinda moja, na sare ile ndiyo iliyowabakiza ligini. Wenye kuujua mpira waliniambia ni maajabu. Mimi sikushangaa. Niliwaona wakilima. Miaka miwili baadaye shirika likauzwa na nyumba yake ya kambi, timu ikafa kimyakimya bila hata tangazo redioni, na wachezaji wakatawanyika, wengine ualimu, wengine udereva, golikipa akarudi kwenye kahawa yake Mbinga.

Lakini nataka kurudi kwenye mwezi ule wa kwanza. Binti yangu alikuwa na wiki mbili shuleni aliporudi jioni moja akiwa amenyong'onyea. Nilimwuliza kama amechapwa.

"Sijachapwa, mama. Jina la binti wa nahodha linasomwa kila asubuhi, hayupo. Leo mwalimu amelikata kwa kalamu nyekundu."

Walikuwa wamesoma pamoja shule ya msingi, hawa wawili, na walikuwa wamefaulu pamoja. Nilikuwa nimesahau. Nasema tena, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mtu yule alikuwa na mtoto wa kupeleka shule, mwezi uleule, kwa ada ileile. Yule msichana alikaa nyumbani mwaka mzima. Alianza mwaka uliofuata, shule nyingine, darasa moja nyuma ya wangu.

Sikungoja hata kubadili khanga. Nilitembea mpaka Lizaboni, kwa nahodha, njia nzima nikipanga maneno, na kadiri nilivyokaribia ndivyo hasira zilivyozidi, maana aibu kwangu mimi siku zote hutoka na sura ya hasira. Nilimkuta uani anatia mpini jembe. Mke wake alikuwa anabandika chungu, na binti mwenyewe alikuwa anachambua mboga, akaniamkia vizuri, shikamoo mama, kama vile sikumnyang'anya kitu.

Sikuitikia. Nikamwambia baba yake mbele ya wote kwamba najua yote, nilifika Maposeni, nimewaona kwa macho yangu. Nikamtupia swali ambalo lilikuwa linanichoma tangu nyumbani. "Nani alikwambia mwanangu ni bora kuliko wa kwako? Ulikuwa na jembe. Ulikuwa na mikono. Kwa nini hukumlimia huyu?"

Aliweka jembe chini. Alimtazama binti yake, akanitazama mimi, na alinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeelekeza gunia liwekwe wapi.

"Huyu ana baba, mama," alisema.

Mke wake akaleta kigoda, akanishika mkono, akanikalisha, na binti yao akanisogezea sahani ya mboga tuchambue pamoja.